Kiraka Anampasia Kiraka

Jumatatu, 4 Machi
Mkuu wa chuo kaniita ofisini. Kachoka kufungwa. Tukifungwa tena Jumamosi, timu ya kikapu anapewa kocha wa netiboli. Huyo ni shemeji yangu, dada wa mke wangu. Bora nimeze filimbi. Nikamwambia mkuu asiwe na shaka, ninaye Kiraka. Tunamwita hivyo kwa sababu popote palipochanika unambandika. Anapandisha mpira, anafunga kwa mbali, na chini ya kikapu hakuna anayemzidi kuruka. Kocha wa kawaida angemchagulia namba moja tu ya kuchezea. Mimi si wa kawaida. Atacheza zote.

Jumatano, 6 Machi
Mazoezi safi kabisa. Kiraka kapandisha, kafunga, kakimbia kurudi kukaba. Mwenzake mmoja akauliza yeye afanye nini. Nikamwambia akae pembeni, asimzibie Kiraka njia. Shemeji alikuwa anapita, akasema nitamuua mtoto wa watu kwa uchovu. Wivu huo.

Alhamisi, 7 Machi
Kiraka kaja kwa adabu zake, kasema yeye hasa anapenda namba nne, ya chini ya kikapu. Nikamwambia kipaji hakichagui. Akaitikia sawa kocha, akaondoka kainama. Unyenyekevu wa mabingwa.
Jioni nikapanga vikombe mezani kumweleza mke wangu mbinu, cha bluu ndiye Kiraka. Akauliza kikombe cha bluu kitakaaje pande mbili kwa wakati mmoja. Nikamjibu huo ndio ufundi wenyewe. Akavikusanya akaenda kuviosha.

Jumamosi, 9 Machi
Nimeumia moyo. Tulikuwa nyuma kwa pointi moja, muda unayoyoma, mpira wa kurusha ni wetu. Nikaomba mapumziko, nikachora ubaoni. Kiraka anarusha mpira ndani. Kiraka anaupokea. Kiraka anafunga. Vijana wakatazamana. Nikawaambia waniamini.
Kiraka akasimama nje ya mstari, mpira mkononi, akaangaza macho uwanjani kumtafuta Kiraka. Wenzake walikuwa pembeni wamejipanga vizuri, hawamzibii njia. Refa akahesabu sekunde tano za kurusha, zikaisha, akapuliza filimbi, mpira wakapewa wapinzani. Mchezo ukaisha hivyo. Kijana akaja kuniomba radhi. Shemeji alikuwa jukwaani anatafuna biskuti taratibu. Hata pole hakunipa.

Jumatatu, 18 Machi
Mimi sasa natunza stoo ya mipira. Shemeji kashinda mechi yake ya kwanza. Kamweka Kiraka namba nne basi, wengine wote kawaambia wacheze. Bahati tu. Eti Kiraka alikuwa anacheka uwanjani. Anajikaza, maskini.
Nimekaa stoo nikalitafakari jambo lote upya, na kosa nimelipata. Mbinu haikuwa na kasoro hata kidogo. Tatizo Kiraka alikuwa mmoja. Nikampigia simu mama yake kuuliza kama kijana ana pacha. Kasema hana. Nimemwomba afikirie vizuri.