Ndoo ya Mionzi

Lusajo hakuwa mgonjwa hata wa mafua. Lakini mwaka ule wa 2014, alipowaona watu wa Kasulu wakimchangia mwalimu aende Dar kupigwa mionzi, na ndoo ikajaa upesi, moyo wake mkavu uliguswa. Uliguswa na ndoo. Kesho yake alinyoa kichwa kikang'aa, akanunua ndoo yenye mfuniko, akaenda kuugulia Kibondo, ambako hakuna aliyemjua.

Sokoni alikohoa kwa ufundi wa hali ya juu.

"Ndugu zangu, ilianzia mapafuni, sasa imepanda ubongoni. Mionzi ya kwanza ndiyo hii iliyoondoka na nywele. Imebaki ya pili. Na ugonjwa huu una jeuri! Ukishafika kichwani, mtu anaweza hata kukana, akaapa kwamba haumwi!"

Kinamama walifuta machozi kwa khanga. Noti zikaanguka ndooni.

Mmoja tu hakulia. Mama Ernesta, muuza maharage wa Kitahana, alingoja watu wapungue, akaja akijishikilia kwenye meza za wenzake.

"Mwakeye, mwanangu," alimsalimu kwa Kiha. "Ile barakoa ilikubana sana?"

"Barakoa gani, mama?"

"Ya plastiki. Wanaifinyanga usoni kwako, wanakufunga nayo kitandani ili kichwa kisicheze wakati wa mionzi. Daktari alinieleza." Akatoa picha kwenye bahasha ya kaki. "Mapafu yangu haya. Ubongo wangu huu, na madoa yake. Macho yananionyesha kila kitu mara mbili. Hata wewe nakuona wawili, na wote waongo."

Lusajo alianza kutafuta pa kukimbilia.

"Tulia, siiti watu. Nimeomba nauli tangu Pasaka, naambiwa Mungu yupo. Wewe ukilia kidogo tu, ndoo inajaa." Alirudisha picha kwenye bahasha. "Mionzi haitaniponya, daktari hakunificha. Ila kichwa kitatulia, nimwone mjukuu wangu akiwa mmoja kabla sijaondoka. Basi la Dar linakaribia kupita. Twende stendi, ukalie tena. Mimi shangazi yako. Tutagawana nusu kwa nusu."

Lusajo alimhurumia, tena kwa dhati. Kisha akamnong'oneza dereva wa bodaboda amsubiri nyuma ya stendi, pikipiki ikiwa imewashwa. Huruma ni huruma, kazi ni kazi.

Stendini alijipita mwenyewe. Alilia mpaka konda wa basi akachangia, jambo ambalo wazee wa Kibondo hawakuwahi kulishuhudia. Alipoona ndoo imefurika, akanyoosha mkono. Ikawa imeshakaa kwapani mwa shangazi.

"Jamani," Mama Ernesta alisema, "huyu kichwa chake si cha kushika fedha tena. Nitazishika mimi. Nisaidieni kumpandisha, tufike naye hospitali."

"Sipandi!" Lusajo akaruka. "Mimi siumwi! Naapa, siumwi chochote!"

Stendi nzima ikatikisa vichwa.

"Maskini," mama mmoja alisema. "Si alituambia mwenyewe?"

Vijana wanne walimbeba kwa upole mkubwa, kama wabebavyo kabati la kioo. Walimketisha dirishani, shangazi akakaa upande wa pili na ndoo yake. Konda aliapa mbele ya halaiki kwamba hatamruhusu kushuka peke yake, hata kwa haja ndogo, mpaka mlangoni kwa madaktari. Bodaboda alipiga honi mara mbili, akachukua abiria mwingine.

Basi lilipoacha mji, Lusajo alijishika upara. Sasa aliogopa kikweli.

"Mama, na wakinipiga mionzi kweli?"

"Watapiga picha kwanza. Wataona hamna kitu humo."

"Nusu yangu je?"

"Hospitali wanataka mgonjwa aje na mtu wa kumsindikiza. Nauli ya mtu huyo nimeshailipa."

Kisha maumivu yakamfumba macho, kichwa kikamwangukia Lusajo begani. Lusajo alitazama ndoo. Akamtazama konda, ambaye alikuwa akimtazama yeye. Mbele palikuwa na kona mbaya na mashimo, na kichwa cha yule mama kilikuwa kikigonga-gonga, basi akakishika kwa mikono miwili ili kisicheze.