Sabuni ya Mawese na Barua ya Tawi

Jumatatu, 3 Mei 1976

Nimeamua. Mwaka huu naingia Chuo Kikuu, kule Mlimani, hata kama huo mlima itanibidi niupande kwa magoti.

Vyeti ninavyo. Jeshi la Kujenga Taifa nimepita, malengelenge yamepona. Ofisini, huko bandarini ninakopiga taipu, mkuu wangu ameshatia saini. Imebaki barua moja tu. Barua ya tawi la chama, ya kuthibitisha kwamba mimi, Mektilda Onesphory, nina manufaa kwa umma. Bila barua hiyo fomu haipokelewi. Mwisho ni Jumatatu, tarehe 17. Wiki mbili!

Jioni nilikwenda kumwamkia Mwenyekiti wa tawi, Mzee Sadalla, mstaafu wa reli. Nilitoa shikamoo ya heshima kuliko zote nilizowahi kutoa. Akaitikia, kisha akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Tumekaa mtaa mmoja miaka kumi na mitatu! Nilipotaja duka la baba akakumbuka. Kumbe ni yule msichana anayesoma dirishani. Basi hicho ndicho umma unachokijua kuhusu mimi. Dirisha.

Jirani yetu Saadiya binti Awadhi naye anaomba nafasi. Tulimaliza kidato cha sita pamoja. Saadiya hulala kila siku kuanzia saa nane hadi saa kumi, na huamka na alama za mkeka shavuni. Sina wivu. Ninaandika tu yaliyopo.

Lazima nifanye jambo kubwa. Umma unakosa nini?

(Baada ya chakula.) Sabuni! Tangu Pasaka hakuna sabuni Kariakoo nzima. Baba ameficha vipande viwili ndani ya debe la mchele, na mchele umeanza kunukia usafi.

Jumanne, 4 Mei

Ofisini sikuona karatasi, niliona michikichi tu, miti ya mawese. Misitu yake mirefu, Kigoma, imesimama ukingoni mwa ziwa ambalo sijawahi kuliona. Nikapiga taipu barua ya kupokea tani arobaini za michikichi kutoka Hamburg. Mkuu akaniuliza ni mashine gani hizo. Nikasema nitarekebisha.

Hoja yangu ni hii. Mawese yanakuja na treni kutoka Kigoma kila wiki. Hapa mjini wanaoyala ni Waha na Wamanyema. Wengine wote wanataka mafuta meupe, wanasema mawese yana harufu. Kwa hiyo yanauzwa kwa bei ya huruma. Lakini kitabu changu cha kemia kinasema mafuta hayohayo, Ulaya, yanageuka sabuni, yanageuka siagi ya kopo, yanalainisha vyuma vya treni, na bati la makopo huchovywa ndani yake ili lisishike kutu. Kitu ambacho hakuna anayekitaka na kitu ambacho kila mtu anakitafuta ni kitu kimoja! Katikati palipungua mtu tu. Nimepatikana.

Saa tisa nikashuka shimoni, chini ya soko jipya la Kariakoo, kwa Bi Sitara wa Ujiji anayeuza mawese. Nikamwomba debe zima. Akaniuliza nina harusi ya Waha wangapi. Nikamweleza habari ya sabuni. Akanisikiliza hadi mwisho, mikono kiunoni, halafu akaniambia kwamba chakula cha watu hakichezewi. Lakini aliuza.

Debe liko chini ya kitanda changu. Mvua imepoza chumba na mafuta yamejigawa yenyewe. Juu mekundu, mepesi, yanang'aa. Chini uji wa manjano uliotulia. Nimelala kifudifudi nikiyatazama kwa muda mrefu mno. Ukitikisa, kitu kama wingu kinapanda kutoka chini na kushuka tena polepole, bila haraka yoyote duniani. Nikajiona nimesimama mbele ya bomba refu la kiwanda, na juu yake moshi umeandika jina langu.

Alhamisi, 6 Mei

Kizuizi. Sabuni inataka mafuta na magadi makali. Magadi makali ya kiwandani yanataka kibali, na kibali kinataka barua. Barua ya nani? Ya tawi!

Lakini kemia haina mlango mmoja. Majivu ya maganda ya ndizi yana chumvi kali ileile, au binamu yake. Na sisi ni Wachaga. Kama kuna kitu hakitakosekana kwetu ni ganda la ndizi.

Nimezunguka na gunia katika hoteli tatu zinazopika mtori wa ndizi. Mama mmoja wa hoteli alinihurumia akanipa na sahani ya chakula. Sikukataa. Wakati narudi, gunia mgongoni, nikapishana na Saadiya mlangoni pao, hina mbichi vidoleni. Akaniuliza kwa upole, "Shoga, mmeanza kufuga?" Nikamjibu kwamba ninajenga taifa. Akasema haya, nisijiumize mgongo.

Baba aliona maganda yanaungua uani, akatoka dukani. Akasema jambo moja tu.

"Mekti, nilikusomesha ili maganda waokote wengine."

Nikamwambia asubiri wiki moja. Akasema alishasubiri miaka kumi na mitatu.

Jumamosi, 8 Mei

Siku ndefu! Nilishindilia majivu katika debe lililotobolewa chini, nikamwagia maji, nikakaa kusubiri. Yanatoka tone kwa tone, rangi ya chai ya mkandaa, isiyo na maziwa. Kipimo chake ni yai. Likielea, maji yamekolea. Yai likazama. Nikayapitisha tena. Likazama. Mara ya nne likaelea, limechungulia nje kwa upara mdogo, nikataka kulibusu.

Nikachemsha na mawese saa tano nzima nikikoroga kwa mwiko wa ugali. Ikawa nzito, ikawa ya kahawia, ikapoa. Haikuganda. Ilibaki uji. Baba akapita, akachovya kidole, akauliza inanywewa na nini.

Nilikaa chini ya kamba ya nguo, nikalia kidogo kwa mpangilio. Kisha nikakumbuka ukurasa wa 212. Majivu ya ndizi hutoa sabuni laini. Ukitaka iwe ngumu, ichemshe tena kwa maji ya chumvi. Chumvi! Tuna gunia zima dukani. Sikumuuliza mwenye duka.

Nikamimina, nikachemsha. Na hapo, Mungu wangu, ikajitenga mbele ya macho yangu. Maji machafu yalibaki chini na sabuni ikapanda juu vipande vipande, kama maziwa yanayoganda, kama mawazo yanapokuja. Sijawahi kuona kitu kinatii hivyo.

Vipande kumi na viwili. Vina rangi ya machungwa yaliyoiva. Vizuri mno.

Jumatatu, 10 Mei

Nilikwenda kwa Mzee Sadalla na kipande kimoja ndani ya gazeti. Nikaomba anipe nguo yake chafu kuliko zote niifue mbele yake. Akasema yeye havai nguo chafu, ila iko kanzu yake ya Ijumaa, nyeupe, ina doa la mchuzi. Mkewe akamwonya kwa macho. Hakuyaona.

Nikafua uani kwake. Povu lilikuwa kubwa! Majirani wawili walitoka kutazama. Doa la mchuzi likatoka lote. Tatizo ni kwamba kanzu nzima ikafanana nalo.

Ilikuwa rangi ya embe. Mkewe akaiinua juu, akaigeuza kulia na kushoto, akasema sasa Mzee ataonekana hata kwenye giza. Mzee Sadalla aliniuliza, kwa utulivu mkubwa, kama huko Mlimani wanafundisha pia namna ya kurudisha weupe.

Siku saba zimebaki.

Jumanne, 11 Mei

Nikashuka shimoni kununua debe la pili. Bi Sitara alikuwa ameshapata habari za kanzu. Soko lote lilikuwa limeshapata. Alicheka hadi akaketi juu ya magunia, akajifuta macho kwa ncha ya khanga. Kisha akanivuta karibu. Akasema, mwanangu, wewe umesoma kila kitu isipokuwa kuuliza. Mawese huchomwa kwanza.

"Uyaweke peke yake motoni, uyaache yaungue hadi yasahau rangi yake," akasema. "Ndipo uyatie hayo maji yako ya shule."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia wiki iliyopita. Akasema wiki iliyopita nilikuwa ninamfundisha yeye.

Njia nzima nilirudia maneno yale. Hadi yasahau rangi yake. Nilipita mtaa wetu bila kuuona, ikabidi nigeuke.

Jumatano, 12 Mei

Yamesahau! Mekundu yakawa ya dhahabu, ya dhahabu yakawa kama maji ya mchele. Nilisimama juu ya sufuria nikihisi kwamba na mimi kuna kitu kinanitoka, kitu chekundu nilichozaliwa nacho, na nabaki mweupe, mwepesi, tayari kwa kazi yoyote.

Hicho kilikuwa ni moshi. Nilikuwa nakaribia kuzimia. Mtaa wetu wote, Mchafukoge nzima, ulikuwa unakohoa. Watu walipiga kelele kwamba duka la Onesphory linaungua, na Saadiya, aliyeamshwa usingizini, akatokea dirishani kwao juu na kumwaga ndoo nzima ya maji. Hakupata moto. Alinipata mimi. Ni bahati, maana maji yangeingia kwenye yale mafuta nisingekuwa naandika haya. Baadaye alishuka na taulo, akaniomba radhi, akasema alikuwa anaota mvua.

Ninakiri taulo lilikuwa safi.

Ijumaa, 14 Mei

Ushindi! Ushindi! Vipande sitini, rangi ya pembe ya ndovu. Nimefua shuka la baba, limebaki shuka. Nimefua kanzu ya Mwenyekiti mara tatu. Embe imefifia hadi ndimu, na mkewe amesema ndimu inamfaa.

Saa kumi foleni ilifika kona. Sikuuza. Nilitangaza kwamba sabuni hii ni ya kikundi, na kila mwanamke atakayeleta gunia la maganda atapata vipande viwili. Kufikia magharibi uani kwetu kulikuwa na mlima wa maganda na wanawake ishirini na saba wanajua kupima kwa yai. Bi Sitara ameahidi madebe mawili kila treni ikiingia. Baba alisimama mlangoni akiwaambia wateja kwamba yule ni binti yake.

Mzee Sadalla akaja mwenyewe. Alikigeuzageuza kipande mkononi kama mtu anayepima dhahabu. Akasema mbele ya wote kwamba katika matawi yote anayoyajua, hajaona kijana mwenye manufaa kama mimi. Manufaa! Neno lenyewe, kutoka kinywani mwake! Akasema barua zitatoka kesho.

Nimeshachagua nguo nitakazofunga sandukuni. Nimejaribu pia kutembea kama mtu wa Mlimani, kutoka kitandani hadi dirishani.

Jumamosi, 15 Mei

Ofisi ya tawi, saa nne. Mzee Sadalla alikuwa na bahasha moja mezani. Akampa Saadiya.

Nilingoja. Akafunga mtoto wa meza. Nikamwambia labda yangu imesahaulika. Akasema haikusahaulika, imejadiliwa kuliko zote. Kamati ilikaa hadi chai ikapoa.

"Mwanangu," akasema, na alikuwa na huruma ya kweli, "wewe ukienda, nani atatuchemshia?"

Nikamwambia wanawake ishirini na saba wanajua sasa. Akasema wanajua kwa sababu nipo. Nikamkumbusha kwamba barua ni ya mtu mwenye manufaa kwa umma. Akasema ndiyo, na umma ni huu hapa, ndio uliokataa kunitoa. Labda mwakani. Labda mwaka unaofuata, kiwanda kikishasimama.

"Na Saadiya?" nikauliza.

Mwenyekiti alimtazama Saadiya, Saadiya akaitazama bahasha yake.

"Huyu hata akiondoka leo, tawi halitatikisika," akasema. "Kwa nini tumzuie?"

Tulirudi pamoja, Saadiya na mimi. Mlangoni pao akanishika mkono. Alisema kama angeweza kunipa barua hiyo angenipa, lakini imeandikwa jina lake na yote yaliyomo ni kweli. Kisha akauliza, kwa aibu, kama anaweza kupata vipande vinne vya kwenda navyo bwenini.

Nimempa sita.

Jumapili, 16 Mei

Sikwenda misa ya kwanza. Nililala chali nikitafuta kosa. Nimelipata, na ni la wazi kabisa: nilifaa kupita kiasi.

Kwa hiyo kuanzia leo sifai. Nina mwaka mzima wa kujiandaa. Nimeandika ratiba ya uvivu, kurasa mbili, pamoja na malengo ya kila mwezi. Kipengele cha kwanza ni kulala saa nane hadi saa kumi, bila kukosa, dirisha wazi, ili tawi lione.

Leo nimeanza. Usingizi ulikuja taratibu, mwepesi juu, mzito chini. Nikaota michikichi inatembea kutoka Kigoma kwa miguu, imefuata reli, kila mmoja umejitwisha debe lake, na hakuna anayeiharakisha.

Nikaamka na jambo moja limekaa kichwani, kamili, kama limeletwa kwa treni. Debe la majivu linaweza kuwekwa juu ya debe jingine, na hilo juu ya jingine! Maji yanapita yenyewe mara tatu bila mtu kuyagusa, nami nimelala. Tutatoa vipande mia mbili kwa wiki. Nimeshapeleka mchoro kwa Mzee Sadalla, aone kwa macho yake jinsi kikundi kinavyoweza kuendelea bila mimi kunyanyua kidole. Aliutazama kwa muda mrefu sana. Akaomba abaki nao, akawaonyeshe wenzake wa mkoa.

Barua ya mwakani naiona kama naishika.