Dari la Bibi Nyanjige

Bariadi, Jumatatu, 3 Julai 1995

Dada Felisita, daftari hili naanza leo, na Jumapili nitachana kurasa zake nikutumie huko chuoni Mwanza kwa basi. Naahidi kuandika yote, hata ya kuniaibisha. Sidhani yatakuwa mengi.

Hali ni hii. Nyumba mpya imeezekwa mabati. Mwaka huu wanunuzi binafsi wameigombania pamba ya Baba mpaka mmoja akamletea kalenda. Lakini mchana ndani hakukaliki kwa joto. Fundi Keneth atatandaza dari la matete, na juu yake tutamwaga kitu cha kuzuia joto. Kitu gani? Hapo ndipo penye kazi. Nyumba ya nyasi ya Bibi Nyanjige iliungua kule Migato, na Bibi amekuja kukagua yetu. Amesema hatalala chini ya kitu kinachoshika moto.

Akikataa kuhamia, Baba amesema mimi ndiye nitakayekwenda kukaa naye Migato, kwenye kibanda kilichosalimika, nimpikie na kumchotea maji. Migato hakuna sekondari. Kidato changu cha kwanza kitaishia hapo! Shule inafunguliwa Jumatatu ijayo.

Kwa hiyo suala la dari nimelichukua mimi. Baba hajui bado.

Jumanne, 4 Julai

Fundi Keneth ameleta wazo lake. Takataka za pamba kutoka kiwandani, gari zima, bure. Baba alipenda neno la mwisho. Nikasema pamba inaungua. Fundi akaniuliza, Debora, umeshajenga nyumba ngapi? Nikajibu sijajenga, ila nimesoma. Akacheka mpaka akashika ngazi.

Nikaomba jaribio. Kopo, konzi ya pamba, kiberiti, wote wakiwepo. Pamba iliwaka puu! Iliunguza pia karatasi ya vipimo vyote vya nyumba, ambayo fundi alikuwa ameiweka chini ya kopo. Sasa anapima upya, chumba hadi chumba, na hanisemeshi.

Nilikuwa sahihi kabisa. Tatizo moja tu: Bibi alirudi nyuma hatua nne bila fimbo, kisha akaanza kufunga mzigo wake.

Jumatano, 5 Julai

Nimembembeleza Bibi abaki mpaka Jumamosi. Amekubali kwa sababu ya chai.

Eufrasia, binti wa baba mdogo, alipita. Unamjua. Akasema kwao dari lina sufi ya kioo, hata ulimwagie petroli haliwaki, na sisi je, tutalala chini ya nini, ugali? Niliwaza.

Mchana nikaenda kwao kusalimia. Hapakuwa na mtu sebuleni. Nikapanda juu ya kabati, nikaingiza mkono kwenye tundu la dari, nikachukua konzi mbili. Ni ya njano, laini kama pamba. Nikaificha ndani ya blauzi. Si wizi. Sayansi inahitaji sampuli.

Alhamisi, 6 Julai

Kuwashwa! Shingo, tumbo, mgongo. Nimeoga mara tatu. Sufi hii ni vioo vyembamba kama nywele, na vyote vimeniingia.

Hata hivyo, jaribio lilifaulu. Nyuzi zenyewe hazikushika moto hata kidogo. Baba akauliza zinauzwa wapi. Wakati huohuo akaingia Eufrasia, akiuliza ni nani aliyeacha alama za miguu juu ya kabati lao. Kisha akaona kopo. Akatamka kwa furaha kwamba sufi ile ni mabaki ya chumba cha baridi cha kampuni anakofanya kazi baba yake, na hapa Bariadi huwezi kuipata hata ukilia.

Bibi alikuwa ameishika. Akajikuna viganja, akasema yeye anaogopa moto, lakini chawa hajaomba.

Nimeomba radhi kwa baba mdogo. Kabati nimelifuta.

Ijumaa, 7 Julai. Saba Saba

Nimepata! Pumba za mpunga! Kitabu cha sayansi kinasema ganda la mpunga lina kitu kilekile kilichomo kwenye mchanga. Mchanga hauungui. Mashineni pumba zinatupwa tu.

Nilijaza kopo asubuhi, nikaweka kaa la moto katikati. Dakika tano, hakuna mwali. Dakika kumi, hakuna. Moshi kidogo tu, ambao niliueleza kuwa ni unyevu. Nikatoa hotuba fupi. Baba akapiga makofi, akatuma mkokoteni. Gunia kumi na mbili zimeshaletwa. Fundi Keneth alitazama ukuta, akasema, haya mwalimu. Nadhani anaanza kuniheshimu.

Bibi aliomba tu kopo liachwe karibu na kigoda chake.

Jumamosi, 8 Julai

Niliahidi kuandika yote.

Asubuhi Bibi alituita. Akachokoa kopo kwa kijiti, akatoa kiazi kitamu. Alikizika humo jana jioni. Kimeiva mpaka katikati! Akanikatia nusu, akasema kula, mwizukulu wane, anavyotuita wajukuu wote. Kilikuwa kitamu sana. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kisha akauliza matofali ya nyumba hii yalichomwa kwa kitu gani. Fundi Keneth, ambaye alikuwa akilisubiri swali hilo tangu jana, akajibu, kwa pumba, mayu, mama yetu, gunia arobaini, na tanuru lilikaa siku nne bila kutoa ulimi wa moto. Dada, gunia zile nilizibeba mimi mwenyewe.

Nilikwenda nyuma ya nyumba. Nililia kidogo. Nilianza kupanga ni daftari zipi nimwachie Eufrasia.

Niliporudi, Bibi alikuwa amemwaga kopo. Chini kulikuwa na majivu meupe, mepesi. Akayakusanya kwenye kigae, akaweka kaa jekundu juu yake, akashika kigae kwa chini kwa mkono mtupu. Hakikupata joto. Akamwambia fundi amwage hayo darini, maana yameshaungua, hayana la kuungua tena. Mchana Bibi amerudi Migato kuchukua vitu vyake, na atahamia Jumatano.

Naenda shule! Baba amesema Jumatatu fundi apeleke gunia zote kule tanuruni, nje ya mji, azichome taratibu.

Jumapili, 9 Julai

Kanisani Eufrasia aliwaeleza watu kwamba dari limebuniwa na Bibi. Nimefikiri sana wakati wa mahubiri. Majivu yanatokana na pumba. Pumba ni wazo langu. Kwa hiyo majivu ni yangu, na sioni kwa nini ashukuriwe Keneth.

Baada ya ibada nimezichoma mwenyewe, gunia zote kumi na mbili. Kuna upepo, kwa hiyo nilikuwa mwangalifu: nimezimwaga shimoni. Shimo la choo kipya, futi ishirini, kavu, bado halijatumika. Hakuna mwali hata mmoja. Moshi upo. Baba ameuliza, nikasema ni unyevu.

Fundi Keneth amekuja, akachungulia, akachutama pale ukingoni, akashindwa kusimama kwa kicheko.

Bibi anakuja na mzigo wake baada ya siku tatu. Nipe jibu haraka, dada. Dereva nimemwomba akusubiri uandike: pumba za gunia kumi na mbili huzima baada ya siku ngapi, na majivu yaliyo futi ishirini chini mtu huyatoaje kabla ya Jumatano?