Mguu wa Kushoto na Miche Mia Nne

Jumatatu, 3 Machi

Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba ugumu wa gari la gia uko kwenye gia. Sivyo. Uko kwenye klachi. Nilieleza jambo hili darasani miaka thelathini na mmoja, kwa sahani mbili za bati na kipande cha msasa. Sahani moja huzungushwa na injini, nyingine huzungusha magurudumu, na klachi ndiyo inayozikutanisha au kuzitenganisha. Kwenye otomatiki zinakutana zenyewe. Kwenye gari la gia zinakutanishwa na mguu wako wa kushoto. Basi.

Naandika haya kwa sababu dada yangu mkubwa ameteleza kitaluni kwake na kuvunjika kifundo cha mguu. Plasta, wiki sita. Na Jumamosi saa nne asubuhi anatakiwa kufikisha miche mia nne ya miti ya kivuli kwenye chuo kipya upande wa pili wa mji. Ameilea miaka miwili. Msimamizi wa bustani za chuo amemwambia wazi: ikichelewa, atanunua kwenye kitalu kingine. Dada naye ameniambia wazi: mteja huyu akimponyoka, anafunga kitalu.

Jirani yake, fundi wa pampu za maji ambaye kila mtu anamwita Fundi Pampu, alijitolea kuendesha pikapu ya Dada. Alijitolea mbele yangu, kana kwamba mimi ni kiti. Nikasema hakuna haja ya kusumbua watu wa nje wakati ndugu wa damu yupo, tena dereva wa miaka ishirini na miwili. Ni kweli tupu. Miaka yote hiyo nimeendesha otomatiki, lakini hakuna aliyeniuliza.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda kwa Dada kuipasha pikapu moto. Nilihakikisha kwanza amelala.

Gia ya kwanza. Nikaachia klachi. Pikapu iliruka kama mbuzi aliyekanyagwa mkia, ikazima. Nikawasha. Ikaruka, ikazima. Mara saba. Kinadharia sikukosea hata mara moja. Tatizo ni kwamba mguu wa kushoto wa mtu wa otomatiki ni mstaafu mwenzangu. Haujafanya kazi yoyote tangu mwaka ule nilipopata leseni.

Fundi Pampu alikuwa ameegemea ukuta na kikombe cha chai. Aliuliza kama betri ina shida. Nikasema ndiyo, betri. Akaleta betri yake mwenyewe, akaifunga, akawasha, akaipeleka pikapu mbele na kuirudisha nyuma kwa mkono mmoja, chai mkononi. Kisha akarudisha betri ya zamani, akafanya vilevile. Akasema betri zote mbili ni nzima, Mwalimu, sijui unaonaje. Nikamwambia betri hubadilika kulingana na joto. Akasema kumbe.

Sipendi mtu anayesema kumbe kwa sauti ile.

Jumatano, 5 Machi

Mkakati mpya. Nimekwenda kujiandikisha shule ya udereva, ile ya mbali, na nimevaa kofia.

Sikufika hata kwenye dirisha la mapokezi. Mwanamke mwenye funguo kiunoni alinipigia shikamoo ya kusikika uwanja mzima. Mwanafunzi wangu wa zamani. Nilimpa kumi na nne kwa mia kwenye mtihani wa mashine, naikumbuka kama jana. Sasa yeye ndiye mwalimu mkuu wa udereva. Nilimweleza kwamba nimekuja kukagua mbinu za ufundishaji. Akasema karibu sana, Mwalimu, kagua ukiwa kwenye kiti cha dereva.

Mbinu zenyewe ni aibu. Hakuna mchoro. Hakuna sahani. Aliniambia niweke gia ya kwanza, nisiguse mafuta, niinue mguu taratibu mpaka nisikie gari linataka kwenda. Nisikie kwa kitu gani, nikauliza. Kwa unyayo, akasema. Unyayo! Mtu aliyekaa darasani kwangu miaka minne. Ikabidi nimweleze msuguano ni nini, toka mwanzo, polepole, ili aelewe. Nilipofika kwenye joto la sahani, gari likazima.

Akasema gari halina masikio, Mwalimu. Wanafunzi waliokaa kwenye benchi walicheka. Mmoja wao hata leseni ya kujifunzia hana.

Alhamisi, 6 Machi

Leo amenifanyisha jambo moja tu kwa saa nzima: kuinua mguu mpaka gari litetemeke, kushikilia hapohapo, kukanyaga tena. Kila nilipofungua mdomo alisema neno moja. Mguu. Nikianza kutaja injini: mguu. Nikikohoa: mguu.

Nakiri, hapa tu, kwamba mara ya arobaini hivi gari liliondoka kama limepakwa mafuta. Nilifika gia ya tatu. Uwanja ulipita dirishani. Kisha akanipeleka kwenye kilima chao cha saruji, nisimame katikati, niondoke. Tulirudi kinyumenyume hadi karibu na toroli la mkata nyasi, na mwenye toroli akaruka ua kwa wepesi wa ajabu kwa mtu wa umri wake. Mwanafunzi wangu alivuta breki ya mkono bila hata kukunja uso.

Nilipomtajia safari ya miche, aliniambia nina mguu mzuri, ila mdomo unauingilia. Wiki mbili zaidi na nitakuwa dereva. Lakini Jumamosi, na mzigo, na mtu ndani, hapana, nimwachie anayejua. Alisema kwa heshima zote, mikono nyuma, kama alivyokuwa akisimama ofisini kwangu.

Kumi na nne kwa mia, halafu ananipangia Jumamosi yangu.

Ijumaa, 7 Machi

Ikiwa tatizo ni kusimama kwenye mlima, dawa ni kutosimama wala kupita mlimani. Nimechora njia. Inazunguka kiwanda cha matofali, inapita nyuma ya makaburi, inakwepa milima yote isipokuwa kimwinuko cha darajani, ambacho hakihesabiki. Kilomita ishirini na tatu badala ya sita. Kuondoka nako nimekumaliza: pikapu ielekezwe kwenye mteremko wa geti, ijisukume yenyewe.

Lakini lazima mtu aifikishe mteremkoni. Nikamwomba Fundi Pampu, nikamwambia ni ili miche ipate kivuli tutakapoipakia. Alinitazama, akatazama jua, akaipeleka.

Jioni Dada aliniita. Alikuwa kwenye kiti cha plastiki kati ya safu za miche, mguu juu ya ndoo, akimwagilia kwa kopo. Alisema alianza na mbegu za kwenye kiganja, akazihesabu mimi nikiwepo. Kisha akauliza, mdogo wangu, kuna jambo ungependa kuniambia? Nikasema mwagilia kidogo tu, vifuko vikilowa vinaongeza uzito.

Jumamosi, 8 Machi

Tuliondoka saa mbili na nusu. Dada pembeni yangu, magongo katikati, miche nyuma, Fundi Pampu nyuma zaidi kwa pikipiki yake. Nani alimwalika, nikauliza. Mimi, akasema Dada.

Mteremko ulifanya kazi yake. Gia ya pili, ya tatu. Nilikuwa mtulivu kiasi cha kumweleza Dada kinachoendelea chini ya miguu yake. Nilikuwa nimefika kwenye msuguano tulipopanda kimwinuko cha darajani, na hapo askari wa barabarani akanyoosha mkono. Tukasimama. Tukazima.

Mkono ulishuka. Nikawasha, ikaruka, ikazima. Tukarudi nyuma kidogo. Nikawasha. Honi. Dereva wa lori aliuliza kama nasubiri mtu. Mara ya sita, harufu ya klachi ikaingia ndani, na nikasikia vifuko vikiteleza kuelekea mlango wa nyuma. Mara ya saba tulirudi nyuma kweli, kisha tukagota: Fundi Pampu alikuwa ameweka jiwe chini ya gurudumu. Alikuja na jiwe. Alilibeba toka nyumbani.

Ilikuwa saa nne kasoro dakika ishirini na tano. Dada hakupandisha sauti. Aliuliza, mdogo wangu, gari hili unalijua au hulijui? Nikasema nalijua kuliko mtu yeyote darajani hapa. Ni mguu tu. Akasema basi shuka na mguu wako.

Fundi Pampu aliondoka pale bila kutikisa jani. Mimi niliachiwa pikipiki. Ambayo nayo ina klachi. Niliisukuma kilomita mbili, na lori lile likanipita, na dereva akauliza tena kama nasubiri mtu.

Miche ilifika ikiwa zimebaki dakika sita. Michache ilivunjika, msimamizi akaisamehe. Ameagiza mia tatu nyingine. Dada alilia kidogo, nimeambiwa na Fundi Pampu, ambaye ndiye aliyekuwepo.

Jumapili, 9 Machi

Nimetafakari kwa utulivu na kosa nimeliona. Askari yule hakupaswa kusimamisha magari kwenye mwinuko. Nimemwandikia mkuu wake barua, kurasa mbili, pamoja na mchoro.

Dada ameshamwomba Fundi Pampu amwendeshee miche mpaka plasta itoke. Nilikwenda kumpa fundi nadharia, maana ana mazoea tu, hana msingi. Alinisikiliza saa nzima akifunga pampu. Mwishoni akasema kumbe. Mwanafunzi wangu naye amenipigia simu kuniambia nafasi yangu ya Jumatatu bado ipo, niache mdomo nyumbani. Nimemjibu kwamba sitaweza, nitakuwa nafundisha.

Kwani nimebandika tangazo getini: Darasa la Gari la Gia, kwa Wanaotaka Kuelewa. Amejiandikisha mtu mmoja, mpwa wa mke wangu, ambaye anaogopa magari. Tutaelewana. Somo la kwanza nimeshaliandika ubaoni sebuleni, na yeyote anaweza kulifanya leo: kaa kwenye kiti cha dereva, usiwashe injini, na ukanyage klachi mara mia huku ukieleza kwa sauti unachokifanya.