Kuwasha Gemu Kabla Wakana Hajafika

Ijumaa, 9 Agosti

Wakana anakuja Jumanne kwa sikukuu ya Bon, ya kuwakumbuka marehemu wetu. Usiku mmoja tu, lakini anakuja! Miaka mitatu binti yangu hajakanyaga hapa. Aliacha kazi ya benki akaoke mikate, nami nikamwambia hataiweza. Tangu siku hiyo akipiga simu anaongea na mama yake tu. Kiyomi, mke wangu, anasema niombe radhi yaishe. Mimi nina njia bora. Nimeshusha darini mashine ya gemu tuliyokuwa tukicheza alipokuwa mdogo. Tukishakaa bega kwa bega mbele ya runinga, radhi ya nini tena?

Adapta yake ya umeme haionekani.

Jumamosi, 10 Agosti

Nimeazima adapta ya mashine ya presha ya mama mkwe, Tsuyako. Sikumwambia. Alikuwa anatazama besiboli ya shule za sekondari, na saa hizo hata nyumba ikiungua haambiwi kitu. Pini ikaingia vizuri kabisa. Gemu kimya! Kumbe adapta yenyewe haina nguvu, tena chanya na hasi zimekaa kinyume. Huku nyuma mama mkwe akaenda kupima presha, mashine haionyeshi kitu. Akamwita Kiyomi akamwambia, bila wasiwasi wowote, kwamba huenda ameshakufa.

Nikarudisha adapta, nikasema waya ulilegea. Nimeshukuriwa sana.

Jumapili, 11 Agosti

Ikabidi niende kwa Kuroiwa, mwenye duka la umeme hapa mtaani. Namkwepa tangu aliponishinda uenyekiti wa kamati ya mtaa. Adapta sahihi anayo. Nikasema ni ya rafiki yangu. Akasema basi nimwambie huyo rafiki kwamba runinga za siku hizi hazishiki tena mawimbi ya zamani, atahangaika bure. Nikacheka moyoni. Anajifanya anajua kila kitu!

Runinga ni ya mama mkwe, kainunua kwa pensheni yake. Ina matundu chungu nzima. Waya wa gemu umekubali moja tu, la antena. Nimetafuta chaneli: hakuna mawimbi. Nimetafuta upya, mpaka tambi baridi zikawa za moto kwa joto la humu ndani. Bado hakuna. Na sasa runinga imesahau chaneli ya besiboli.

Mama mkwe haniiti tena jina. Akiongea na Kiyomi, mimi ni "huyo mumeo".

Jumatatu, 12 Agosti

Njia ipo, Kuroiwa kanieleza, kwa ajili ya yule rafiki. Deki ya zamani, ile ya kanda za video. Gemu inaingia kwenye deki, deki inapeleka picha kwenye tundu la njano la runinga. Kwamba gemu ni yangu hajui, kwa hiyo nilimwambia deki naitaka ili nitazame kanda ya harusi yangu. Akaguswa mno. Jioni akaja nayo mwenyewe, na bia, akakaa kusubiri harusi.

Kanda sina. Nikajikausha, nikaingia nyuma ya runinga. Kiyoyozi kinavuma, wali uko kwenye jiko la umeme, Kiyomi kawasha maikrowevu. Nikachomeka deki. Giza nyumba nzima! Chaneli ya besiboli Kiyomi alikuwa ameirudisha, na mama mkwe alikuwa anatazama zamu ya mwisho ya mchezo, shule ya mkoa wetu iko nyuma kwa pointi moja.

Kuroiwa akainua swichi kuu. Taa ziliporudi akaiona gemu nyuma yangu. Akamimina bia. Mchezo tayari umekwisha. Mpaka sasa mama mkwe hajui tulishinda au tulishindwa, na mimi sithubutu kumtafutia matokeo.

Jumanne, 13 Agosti

Imewaka! Picha safi, muziki ule ule, karibu nilie. Kasoro ndogo tu: nikibonyeza, yule mtu kwenye runinga anaruka baada ya kutafakari kwanza.

Wakana kafika mchana na mkate aliouoka mwenyewe. Nikamwambia auweke popote, mikono yangu imejaa waya. Baada ya chakula akaja akakaa, akacheka alipoiona mashine. Alicheka kweli! Nikampa pedi yake ya kuchezea ya siku zote, ya mchezaji wa pili. Akaigeuzageuza. Akaomba leo ashike ya kwanza.

Nikamwambia ya kwanza ngumu, atatufia mapema.

"Baba, hii ya pili haina hata kitufe cha kuanzia."

"Ndiyo maana nipo mimi," nikasema.

Akanitazama kidogo. Akaiweka pedi chini taratibu, akaenda kumsaidia mama yake vyombo. Nikasubiri. Nikacheza zamu yangu, kisha na yake.

Jumatano, 14 Agosti

Wakana kaondoka na treni ya kwanza. Kiyomi kamsindikiza. Anasema binti yangu alikuja kusikia neno moja tu kutoka kwangu, na akaondoka bila kulisikia. Kiyomi hata chai hakunywa.

Nimelifikiria jambo hili asubuhi nzima, na kosa nimeliona. Ni ile picha kuchelewa. Nani angevumilia? Kuroiwa ana runinga ya zamani, nene, ya kioo, haicheleweshi hata kidogo. Anakubali kuniuzia nikimuunga mkono akigombea tena uenyekiti. Nimekubali. Wakana akija mwaka mpya, kila kitu kitakuwa sawa.

Nimekula ule mkate nikipima nafasi ya kuiweka hiyo runinga. Mtamu ajabu! Nitamwambia siku hiyo, tukimaliza hatua ya kwanza.