Shauri Langu Dhidi ya Pontien

Jumatatu, 4 Mei. Msitu wa Ugalla.
Pontien kapewa mzinga wa sanduku. Kasema Mama Athanasie, hakimu wetu, mbele ya baraza lote. Mzinga mpya, mfuniko wa bati, umetundikwa wiki iliyopita na Emelyne, mfugaji nyuki wa Misunkumilo. Mimi, Salvatori, ninayemzidi Pontien masika sitini, nimebaki kwenye gogo lenye ufa.
Sisi Wavumi ni pepo wa mizinga. Majina tumeazima kwa watu. Kila mmoja huvuma ndani ya mzinga wake, nyuki wakasikia, wakakaa. Wakihama, sauti yako inakwenda nao, na barazani unaketi nyuma. Nyuki wangu wameanza kutoka kutafuta makao mengine.

Jumatano, 6 Mei.
Nimepata njia! Kwetu hakuna jela wala viboko. Ukimshtaki mwenzako, mnabadilishana nyumba siku kumi na nne, kila mmoja atunze ya mwenzake, ndipo hukumu itoke. Nimemshtaki Pontien kwamba anavuma kwa kelele hadi nyuki wangu hawatulii. Uongo mtupu. Yeye akasema hakujua kama ananisumbua, akaniomba radhi. Radhi hiyo imenikera siku nzima.

Alhamisi, 7 Mei.
Nimehamia kwenye sanduku. Mama Athanasie alinisindikiza, akanieleza taratibu, kama anayemnywesha mgonjwa uji, kwamba waliotutangulia waliweka sheria hii kwa sababu hujui nyumba ya jirani inavujia wapi mpaka ulale humo. Nikaitikia kwa kichwa. Nilikuwa naangalia bati.

Jumanne, 12 Mei.
Usingizi mtamu. Inatakiwa kuvuma kila alfajiri na kupuliza siafu watoke kwenye waya unaoning'iniza mzinga. Sijavuma. Nyuki ni wa Pontien, avume mwenyewe! Nimemkuta anaziba ufa wangu kwa nta na udongo wa kichuguu. Nikamwambia asijichoshe, nyumba si yake. Akajibu kwamba nyuki hawaulizi nyumba ni ya nani. "Na siafu kwenye waya umewaona, mzee?" Nikamwambia siafu wangu hawamhusu.

Ijumaa, 15 Mei.
Siafu wameingia. Kundi lote limehama asubuhi, limepokelewa kwenye gogo. Gogo langu! Kwa Pontien!

Jumapili, 17 Mei.
Emelyne kaja baada ya ibada, kafunua mfuniko. Masega matupu. Akasimama na bomba la kufukizia nyuki moshi mkononi. "Jamani nyie nyuki! Nyumba nzuri hivi, mmekimbilia gogo la babu yangu?" Nilitaka kujitetea. Sauti haikutoka.

Alhamisi, 21 Mei.
Hukumu. Mama Athanasie hakuita shahidi. Alitega sikio kwenye gogo, kisha kwenye sanduku. Akaamua kila mmoja abaki na alichokitunza. Pontien abaki na gogo na nyuki wake. Mimi sanduku.
Nimeshinda! Nikasimama kushukuru, kimya. Nikaenda kuketi nyuma, pamoja na pepo wawili ambao mizinga yao iliungua kwa moto wa kiangazi. Wakasogea kunipisha, wala hawakuniuliza kitu.
Nimeirudia hukumu kichwani mara tatu, nikitafuta neno la kuniadhibu. Halimo.

Jumatatu, 25 Mei.
Nimefikiri siku nne. Kosa la Pontien nimeliona: amechukua nyuki waliokuwa chini ya uangalizi wangu! Nikimshtaki tutabadilishana tena, nami nitarudi kwenye gogo, ufa umezibwa, nyuki tele.
Nimeandika mashtaka kwenye gome la myombo. Kwa kuwa sina sauti, lazima mwingine anisomee barazani. Nimewapelekea pepo saba. Wote wamekataa. Nikampelekea Pontien.
Alisoma, akacheka mpaka gogo likatikisika. "Lete, mzee, nitakusomea. Ila hapa kwenye 'mwizi' weka na jina langu, wasije wakamsumbua mtu mwingine."
Nimeweka. Atasoma Jumatatu, 8 Juni, saa mbili asubuhi. Mizigo nimeshaanza kufunga.