Valdenau Watatuita Turudi

Jumatatu, 12 Mei

Siku imeharibika kabla ya saa nne. Nimekutana na Kiplagat kwenye maegesho ya maduka hapa Wheaton, huku ughaibuni. Kiplagat yule wa mji wa Bowie, mwenye nyumba ya gereji mbili na mdomo wa gereji tatu. Hata hakunisalimu vizuri. Kijana wake Wayne amepata chuo cha wanafunzi elfu hamsini, na uwanja wa mpira unaoonekana kutoka barabara kuu! Akauliza binti yangu Audrey anaenda wapi. Nikamwambia Valdenau, Ulaya. Akauliza kama hicho ni chuo ama ni dawa ya kikohozi.

Nimepanda gari nikaondoka. Jumapili kanisani wazazi wa wanafunzi wapya watasimama mbele na kusoma barua za kukubaliwa, mmoja baada ya mwingine. Mchungaji Ezekiel ametupa dakika tatu kila mtu. Kiplagat anasoma kabla yangu. Mungu wangu!

Jumanne, 13 Mei

Nimeisoma barua ya Valdenau mara nne nikitafuta la kujivunia. Hakuna! Wanaandika wenyewe, bila haya, kwamba wao ni chuo cha utafiti "cha ukubwa wa wastani". Nani hujitangaza hivyo? Hata muuza viazi hasemi viazi vyake ni vya wastani. Wanafunzi elfu kumi na mbili tu. Wametoka nchi mia moja, na nusu ya walimu pia ni wageni. Sasa mwenyeji ni nani? Kutoka maabara hadi ofisini ni dakika mbili kwa miguu. Yaani ni padogo. Halafu maprofesa wanawajua wanafunzi kwa majina! Profesa wangu mimi alinijua kwa namba ya usajili, na hata hiyo aliikosea, na tulimheshimu.

Audrey anasema ndiyo sababu alikichagua. Anataka kuchunguza maji yaliyo chini ya ardhi, na huko hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaingia maabara. Alisema yote hayo kwa Kiingereza, macho yakimmeta. Ametundika picha ya chuo juu ya kitanda chake. Mtoto hana habari ya aibu inayotungoja.

Jumatano, 14 Mei

Mpango! Kule nyumbani Kapsabet mama alinifundisha kununua vitu sokoni. Taja unachotaka. Muuzaji akikaza, geuka uondoke. Hujafika mbali utaitwa urudi. Kwa nini chuo kiwe tofauti?

Audrey ameacha barua pepe yake wazi kwenye kompyuta ya sebuleni. Nimewaandikia Valdenau kwa jina lake. Nimedai mambo matatu: barua mpya yenye muhuri mkubwa, neno "wastani" litolewe, na aanzie mwaka wa pili. La sivyo sitaki nafasi yao, wabaki nayo. Kisha nikafuta kila kitu Audrey asione. Naenda kulala nikitabasamu.

Alhamisi, 15 Mei

Wamejibu kabla sijanywa chai. Wanamshukuru Audrey kwa kuwaarifu. Wamesikitika. Kesho saa sita mchana nafasi yake itapewa mwombaji anayefuata. Wanamtakia kila la heri.

Nikacheka. Wanajifanya hawajali! Mchezo huu naujua. Muuza nyanya pia huanza kupanga nyanya zake kana kwamba hakuoni. Nikajibu kwa sentensi moja: uamuzi ni ule ule, kwaherini. Nikafuta tena.

Saa tisa Audrey ametoka shule, akafungua ukurasa wa chuo achague bweni. Umefungwa. Umeandikwa kwamba amejitoa. Nilimsikia akisema "No, no, no." Ilibidi niende niseme. Hakunipigia kelele, afadhali angepiga. Aliketi sakafuni akilia, akaniuliza kwa Kiswahili, yeye ambaye hajanijibu kwa Kiswahili tangu darasa la tatu, kwa nini nimemfanyia hivi. Nimeona haya, haya ya kweli.

Mke wangu Jepkosgei alirudi kutoka hospitali akapiga kelele kwa niaba ya wote wawili. Amesema miaka ishirini ya unesi hajaona mtu aliyejiletea ugonjwa kwa bidii hivi. Nimepiga simu Valdenau. Kule ni usiku, ofisi imefungwa. Audrey amewaandikia barua ndefu ya kuwaomba. Saa sita yao mchana ni saa kumi na mbili yetu asubuhi.

Ijumaa, 16 Mei

Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi asubuhi, sote watatu mezani, simu ya Audrey ikalia. Mwanamke, kwenye spika. Kiswahili cha Bukavu! Ni Daktari Anysie, mtafiti wa maji huko huko Valdenau. Ndiye aliyesoma insha ya Audrey wakati wa maombi, na jina lake hakulisahau. Leo kwenye mkahawa wa chuo amemsikia mtu wa ofisi akishangaa kwamba msichana aliyeandika kwa mapenzi vile sasa anadai muhuri. Akaomba aione barua hiyo ya muhuri na ile ndefu ya Audrey. Akacheka hadi kahawa ikamwagika.

Akatembea zile dakika mbili hadi ofisini. Akawaeleza waliokuwepo, Mjerumani mmoja na Mkorea mmoja, kwamba hapa hakuna msichana: kuna baba aliye sokoni, ameondoka ili aitwe. Mkorea akasema baba yake ni vivyo hivyo. Nafasi imerudishwa, robo saa kabla ya kupewa mwingine!

Kisha akaomba azungumze nami. "Papa, huku haiko ku marché," akaniambia, yaani huku si sokoni. "Usiandikie tena batu barua." Nikanywea. Audrey alimkumbatia mama yake muda mrefu. Mimi alinigusa bega tu. Nimeshukuru hata hilo.

Jumapili, 18 Mei

Kiplagat amesoma kurasa mbili, zaidi zikihusu uwanja. Zamu yangu ikafika. Nimesema, kifua mbele, kwamba Valdenau wametupigia simu wenyewe kutoka Ulaya kutubembeleza, tena kwa Kiswahili. Makofi! Jepkosgei alikuwa akitazama viatu vyake.

Baada ya ibada Kiplagat amenifuata nje, mpole kabisa. Kumbe Wayne amepangiwa bweni la mji mwingine, na wiki ya tatu sasa wanapiga simu na kujibiwa na mashine. Akaniuliza mimi nilifanyaje.

Nimefikiria sana tangu Ijumaa. Tuliondoka. Tuliitwa. Kosa langu lilikuwa kuogopa mapema. Kwa hivyo nimeingia garini mwake, tukaandika barua kwa chuo cha Wayne kwenye simu yake: Wayne hataki tena nafasi hiyo, kwaherini. Ameituma papo hapo. Nimemwonya kwamba wakipiga asishike mara ya kwanza, aache iite.